Kaimu Jua na Jicho Namba Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota, tena nikiwa nimelala chali kama nilivyoagizwa, jicho la kulia limefungwa bendeji nene kama andazi. Daktari alikuwa amenitoa mtoto wa jicho mchana wake. Akaniambia, "Bibi Mwanamvua, usifungue, usisugue, usiinamie ndoo. Asubuhi nitafungua mwenyewe, tuone."

Hilo "tuone" ndilo lililoninyima raha. Tuone akina nani? Yeye alikuwa anaona tayari.

Ngoja nieleze nilivyofika hospitalini. Nilikuwa nyumbani kwetu Muheza, nachagua mchele kwenye ungo. Nikaona jiwe jeusi. Nikalitoa, halitoki. Nikalikwangua, halibanduki. Nimehangaika nalo mpaka ukucha ukauma. Hidaya, mke wa mwanangu, kumbe amesimama nyuma yangu ananitazama, sijui tangu saa ngapi.

"Mama," akasema, "hilo doa la lami. Liko kwenye ungo tangu tulipoziba bati."

Akauchukua ungo akautikisa. Mchele ukahama, chuya zikahama, lile jiwe langu likabaki palepale.

"Umeona? Kisichohama si jiwe, mama. Ni ungo wenyewe."

Wiki ile ile nikapelekwa hospitali.

Sikubisha kwenda, maana nilikuwa na haja yangu. Ninaye shoga yangu, Riziki, tumepishana miezi miwili tu kuzaliwa. Miaka mitatu hii kila akija kunitembelea anajipapasa mashavu na kusema, "Mwanamvua, mwenzio uso wangu bado hauna hata kunjo." Na mimi kwa ule ukungu nilikuwa namwona kweli uso laini kama yai la kuchemsha. Nilitaka jicho nimhesabie.

Basi. Naota naitwa. Siitwi kwa jina, naitwa kwa namba ya kitanda. Nainuka, najifunga kanga yangu, navaa kandambili, naenda msalani kwanza kama mtu yeyote mwenye akili. Nafungua mlango wa msalani, kumbe ni maabara.

Ukutani pameandikwa: HAPA TUNAPIMA MACHO YA DARUBINI ZA ANGANI. USITEME MATE.

Nyuma ya meza amekaa karani wa makamo, amevaa sweta, mbele yake kikombe cha chai kinafuka moshi. Kibao chake kinasema Bwana Shemweta.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa nakwenda msalani."

"Wote husema hivyo. Saini hapa."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kusoma najua. Lakini mtu ukishazoea hospitali, ukipewa karatasi unasaini kwanza, unauliza baadaye. Nikasaini. Kisha nikauliza.

"Nimesaini nini?"

"Umekuwa mdhamini," akasema Bwana Shemweta. "Kuna darubini zinazopelekwa juu, nje ya dunia, kupiga picha za nyota. Kila moja ina jicho lake la kamera. Sasa huko juu hakuna wingu wala mwavuli. Mionzi ya jua inalipiga jicho hilo miaka kumi mfululizo, mpaka linaanza kuona nyota ambazo hazipo. Kwa hiyo tunalipiga hapa hapa kwanza. Likistahimili, linakwenda. Lisipostahimili, linatupwa."

"Na mdhamini?"

"Kifungu cha tisa. Jicho likishindwa, jicho jipya la mdhamini litapelekwa badala yake."

Nikajishika bendeji.

"Bwana Shemweta, hili langu hata mimi mwenyewe sijalitumia."

"Ndiyo maana linafaa," akasema, akapuliza chai yake.

Akafungua sanduku la barafu. Ndani kuna kidude cha mraba, cheusi, kinang'aa, ukubwa wake kama biskuti. Kinatetemeka.

"Shikamoo, bibi," kikasema.

"Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

"Kumi na Nne."

"Wenzako kumi na watatu wako wapi?"

Akaitazama ndoo iliyokuwa pembeni. Ndoo ikakohoa.

Hapo mlango ukafunguka akaingia mkubwa wa pale. Umbo lake ni la pipa, pipa refu la chuma lililolala ubavu, lakini amevaa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Mbele ana tundu dogo, na kwenye tundu hilo ndimo inamotoka sauti.

"Mimi ni Kaimu Jua," akasema.

"Na Jua mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini. Hawezi kuacha kazi kuja kupima biskuti. Mimi nakaimu."

"Umekaimu tangu lini?"

"Tangu maabara ilipofunguliwa," akasema, na tundu lake likanywea kidogo. "Barua ya kunithibitisha bado haijafika."

Nikampa pole. Akaipokea, akaiandika kwenye daftari.

Kisha akanisomea kanuni. Atampa Kumi na Nne miaka kumi ya jua kwa dakika ishirini. Baada ya hapo kifuniko kitafungwa tii, na Kumi na Nne atapiga picha ya giza. Giza linatakiwa liwe giza. Kila nukta itakayowaka kwenye giza hilo ni nyota ya uongo, ni kidonda alichokipata. Nyota za uongo zikifika mia moja, sawa. Zikizidi mia moja, ndoo.

"Na kifungu cha tisa," akaongeza Bwana Shemweta.

"Na kifungu cha tisa," akaitikia Kaimu Jua.

Wakaanza. Kutoka kwenye tundu la Kaimu Jua vinatoka vijitu vidogo kama punje za ulezi, vimepanga foleni, kila kimoja kimeshika kifimbo. Vina adabu ajabu. Kila kimoja kinamfikia Kumi na Nne, kinasema, "Samahani, ndugu," kinapiga, kinapita. Samahani ndugu, pa. Samahani ndugu, pa. Maelfu kwa maelfu.

Na ile miaka kumi, jamani, ilikuwa miaka kumi kweli. Dakika ya pili ukapita mwaka, nikasikia mfungo, nikasikia sikukuu. Chai ya Bwana Shemweta ikapoa, ikaota ukoko, ukoko ukaota vumbi. Kandambili zangu zikatoboka kisigino. Nilipoingia nilikuwa na miaka sabini na mitano, na sasa naelekea themanini na mitano. Nikajipapasa. Sikuona tofauti.

Aliyeathirika ni Bwana Shemweta. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu, na ilipofika dakika ya nane akastaafu. Wakamwandalia hafla palepale mezani. Kaimu Jua akatoa hotuba huku anaendelea kupiga. Akapewa zawadi ya saa ya ukutani. Akalia. Kisha akakaa kwenye kiti kile kile, kwa sababu mlango haufunguliwi kipimo kikiwa kinaendelea.

"Bibi," Kumi na Nne akaniita, "huu mwaka wa ngapi?"

"Wa sita, mwanangu."

"Naanza kuona nyota humu ndani."

"Hata mimi siku moja mbuzi alinipiga kichwa kiunoni nikaziona. Kaza moyo."

"Zako zilipita?"

"Zilipita. Mbuzi naye alipita. Tulimla Idi."

Akacheka kidogo. Kicheko cha biskuti ni kama mtu anavunja kiberiti.

Dakika ya ishirini vijitu vikaisha. Cha mwisho kikasema samahani ndugu kwa sauti ya kuchoka, kikapiga, kikazima. Kaimu Jua akakohoa. Chuma chake kilikuwa chekundu kwa kazi. Wakafunga kifuniko, Kumi na Nne akapiga picha ya giza, picha ikatoka, ikawekwa mezani.

Haikuwa karatasi. Ilikuwa ungo wangu. Ungo wangu wa Muheza, doa la lami na vyote, umejaa giza mpaka ukingoni, na ndani ya giza nyota zinawaka.

"Hesabu," Kaimu Jua akamwambia Bwana Shemweta.

"Mimi nimestaafu dakika kumi na mbili zilizopita."

"Basi ahesabu mdhamini."

"Mdhamini ana jicho moja bovu na moja limefungwa," nikasema.

"Picha ya giza huhesabiwa na jicho lililo gizani," akasema Kaimu Jua. "Ni kanuni ya kwanza kabisa."

Nikafikiri. Daktari alinikataza kufungua. Hakunikataza kutazama. Nikatazama ndani ya bendeji bila kufungua, na niwaambie ukweli, niliona. Niliona kila nukta mahali pake, ndogo, kali, kama kichwa cha sindano. Kumbe jicho zuri hivi, na ndilo wanataka kulichukua.

Nikahesabu kama ninavyochagua mchele, kuanzia ukingoni kuja katikati. Mia moja hamsini na tatu.

Kaimu Jua akatoa mfukoni kijiko kidogo cha chai, akakifuta kwa leso.

"Cha nini hicho?" nikauliza.

"Kifungu cha tisa."

Ndoo kule pembeni ikajisogeza yenyewe hatua moja.

Nikamchukua Kumi na Nne mkononi. Alikuwa wa baridi kama samaki wa friji, na anatetemeka vile vile alivyokuwa anatetemeka mwanzo. Nikakasirika. Mimi kazi yangu miaka arobaini ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua Muheza, kabla hajaulizwa jina la mtoto, anaitwa Mwanamvua na maji yake ya moto. Sijapata kuona mtu amepigwa miaka kumi halafu anawekwa kwenye barafu na kuhesabiwa majeraha.

"Huyu hajakandwa," nikasema.

"Kukanda hakumo kwenye kanuni," akasema Kaimu Jua.

"Kumekatazwa?"

Akafungua daftari. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Bwana Shemweta, aliyestaafu, akainua kichwa na kusema kwamba kwa kumbukumbu zake za miaka yote ya utumishi, hakujakatazwa.

"Basi nipeni maji ya moto."

Hakuna. Chai nayo ilikuwa na umri wa miaka kumi. Nikatazama huku na huku, nikamwona Kaimu Jua jinsi alivyokuwa mwekundu. Nikafungua upindo wa kanga, nikaubandika mgongoni kwake ukapata joto, nikaubana juu ya Kumi na Nne. Taratibu, siyo kwa pupa. Nabandika mgongoni, nakanda. Nabandika, nakanda. Kwanza katikati, halafu pembe nne.

"Bibi," Kaimu Jua akasema baada ya muda, sauti imelainika, "hapo hapo. Chini kidogo."

"Nakanda yeye, si wewe."

"Najua. Lakini ukipitia hapo tena usiharakishe. Sijapata likizo tangu nianze kukaimu."

Nikampitia hapo tena. Maskini, chuma kile kilikuwa kimekaza kama mlango wa stoo.

Kumi na Nne akaacha kutetemeka. Na kwenye ungo, nyota za uongo zikaanza kuzimika. Moja, halafu mbili, halafu tano kwa pamoja, kila inayozimika inaguna kama mtu aliyetolewa mwiba. Vidonda vinafunga. Nilikanda mpaka viganja vikaniwaka moto.

Picha ya giza ikapigwa mara ya pili. Nikahesabu tena, kuanzia ukingoni kuja katikati, ndani ya bendeji.

Mia moja na moja.

"Imezidi moja," akasema Kaimu Jua.

"Moja tu?"

"Moja ndiyo imezidi. Nisingependa, bibi. Mgongo wangu unakushukuru. Lakini nikipitisha mia moja na moja, ile barua yangu haitakuja maisha." Akashika kijiko.

"Bibi," Kumi na Nne akasema, "niweke tu kwenye ndoo. Waambie wasichukue la kwako. Waambie mimi nilikuwa mbovu tangu kiwandani."

"Nyamaza, mwana wee. Nafikiri."

Sikuwa nafikiri. Nilikuwa naogopa. Kijiko kinakuja, nasikia harufu yake, harufu ya sukari na chuma. Nikateremsha macho nisikione, na macho yakatua kwenye ungo, kwenye lile doa la lami lililonidhalilisha mbele ya mke wa mwanangu.

Nikaushika ungo kwa mikono miwili. Nikautikisa.

Nyota mia moja zikabaki palepale. Hazikusogea hata unywele, kama lami. Lakini moja, kadogo kamejibanza karibu na katikati, kakateleza. Kakaserereka mpaka ukingoni, kakashikilia ukingo kwa vidole, kananing'inia.

"Kisichohama," nikasema, "ni ungo wenyewe. Hizo mia ni vidonda vyake, nakubali. Lakini hii imehama. Hii siyo ya uongo. Hii ni nyota."

Kaimu Jua akarudisha kijiko nusu.

"Nyota itaingiaje, na kifuniko kimefungwa?"

"Niliingia kabla hawajafunga," ikasema yenyewe pale ukingoni, kwa aibu. "Nilisikia kelele za hafla ya kustaafu. Nikaja kuchungulia. Kisha mkafunga."

Kaimu Jua akaniomba niutikise ungo mara ya pili, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi. Nikautikisa. Mia moja palepale, na kale kamoja kakapiga kelele, "Jamani, taratibu!"

"Mia moja," akasema Kaimu Jua. "Mia moja kamili. Sawa na kanuni." Akakitia kijiko mfukoni na kukifungia kifungo. Nikasikia pipa zima linashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu, nikakaa sakafuni na ungo wangu mapajani. Nilicheka mpaka bendeji ikalowa.

Bwana Shemweta akagonga muhuri. Alisema anafanya kwa kujitolea.

Kumi na Nne sasa anavalishwa kofia ya shaba, anapakiwa kwenye darubini, darubini imeegeshwa nje ya dirisha la msalani. Kabla hawajafunga akaniita.

"Bibi, huko juu nikiona kitu na sijui kama kipo, nifanyeje? Wewe hutakuwepo."

"Jitikise kidogo, mwanangu. Kikihama, kipige picha. Kisipohama, ni wewe mwenyewe, usijisumbue."

"Nikiumia?"

"Waambie wakukande. Waambie Mwanamvua wa Muheza amesema, na haijakatazwa."

Akaenda. Alikwenda polepole kwanza, kama mtu anayetafuta kiatu, kisha ghafla hayupo. Ndoo ikapiga makofi. Sijui ilipata wapi mikono, lakini ilipiga.

Kale kanyota kakabaki kananing'inia.

"Na mimi?" kakauliza. "Kwetu ni mbali, na darubini imeshaondoka."

"Una tabia ya kuchungulia, wewe."

"Ninayo."

"Na mimi ninayo. Twende." Nikakachukua kwa ncha za vidole, nikakafunga kwenye pindo la kanga, fundo moja la nguvu.

"Humu mnanuka karafuu," kakasema.

"Nyamaza tusisikike."

"Mama. Mama, amka. Daktari amefika."

Ni Hidaya, ananishika bega. Wodi imejaa mwanga. Daktari ananikalisha, anaikata bendeji taratibu kwa mkasi, na mimi nimefumba jicho nimekaza kama mlango wa stoo.

"Fumbua, bibi. Tuone."

Nikafumbua.

"Daktari," nikasema, "umekosea kufunga vifungo vya shati. Cha tatu umekitia tundu la nne."

Akajitazama. Akacheka peke yake. Hidaya akashika mdomo, akageukia dirishani, mabega yanamtikisika, na mimi nikayaona mabega hayo na kila ua la kwenye gauni lake, na uzi uliochomoza begani unaotaka kukatwa.

Riziki naye akaingia na chupa ya uji. Akaja mpaka kitandani akaniinamia usoni, shoga yangu, akajipapasa mashavu.

"Haya, Mwanamvua. Waniona?"

Nilimwona. Nikaanza kuhesabu kimya kimya, kuanzia ukingoni kuja katikati. Nilipofika mia nikaacha.

"Umezidi," nikamwambia.

"Nimezidi nini?"

"Uzuri, shoga. Nimimine uji."

Akajinyoosha kwa maringo na kwenda kutafuta kikombe. Sijapata kufurahi kumwona mtu namna ile, na makunjo yake yote.

Hidaya akatoa simu anipige picha ampelekee mwanangu. Akapiga, akaitazama, akakunja uso.

"Simu yangu imeanza kuharibika," akasema. "Ona, mama, kuna kinukta cheupe hapa, kwenye kanga yako."

Nikatazama. Kweli, kilikuwepo. Kidogo, kikali, kama kichwa cha sindano, pembeni ya nyonga yangu.

"Piga nyingine," nikamwambia. "Ila hamia upande wa pili wa kitanda."

Akahamia upande wa pili. Akapiga.

"Kimehama?"

"Kimehama. Sasa kiko kushoto, lakini bado kwenye kanga. Pale kwenye hilo fundo." Akaacha simu akanitazama. "Mama, mimi ndiye niliyekufunika jana. Kanga haikuwa na fundo. Umefunga nini humo?"

Nikaweka kiganja juu ya fundo. Lilikuwa na joto.

"Simu yako nzima, Hidaya," nikasema.